Mbingu Kwenye Filamu ya Raya

Kwetu sisi, anayekwenda Hija hupita kwa jamaa zake kutaka radhi, na anayeombwa hujibu hapo hapo, "Nimekusamehe, dunia na akhera," bila kuuliza anasamehe nini. Ni adabu tu, kama vile mtu akikuuliza hujambo huanzi kumweleza habari za goti lako. Mwaka huu binti ami yangu Raya alijaaliwa kwenda, na kwa kuwa miguu haimchukui tena kupanda ngazi za watu, alituita wanawake wa ukoo nyumbani kwake Madinat Sultan Qaboos, hapa hapa Maskati, alasiri, ili atutake radhi sote kwa mkupuo mmoja. Tulikula halwa na kachori, tukanywa kahawa, kisha akainuka na fimbo yake akatuzunguka mmoja mmoja. "Nisamehe, shoga." "Nimekusamehe, dunia na akhera." Alipofika kwangu alinishika mkono, mkono wake laini na wa moto, akasema kama alivyowaambia wenzangu. Mimi nikamuuliza, "Kipi?"

Shemeji yangu mmoja aliyekuwa akijipakulia halwa akaniangalia kama niliyetukana. "Nasra, mtu anakwenda Makka," akasema. Raya hakuniachia mkono. "Mwacheni," akawaambia, kisha akaninong'oneza, "Usiondoke nao. Wakishatoka tutasema." Basi nikakaa. Na kwa kuwa mkosi haupiti peke yake, mjukuu wake Maya alikuwa ndiyo kwanza amerudi Norwei na wenzake wa kazini, na simu yake ikawa inatembea mkono kwa mkono. Mbingu ya kijani, kijani iliyokolea kama sharbati ya duka, na vijana wamejipanga chini yake na makoti ya kuvimba, wamecheka meno nje. Wanawake wakasema mashaallah, mashaallah, wakatelezesha kidole. Siku hizi mianga ile ya kaskazini imekuwa kama Salala wakati wa mvua za kharifu, kila unayemkuta ameshakwenda, na asiyekwenda anaona haya kusema. Simu ikanifikia, nikaitazama kwa muda uliopasa, nikaipitisha. Nimeshaziona za kila mtu, isipokuwa zangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu mwaka nilipokwenda kuipiga mbingu hiyo. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Al Khuwair iliyokuwa ikitoa jarida la kila mwezi, chumba kirefu kisicho na dirisha, wanawake sita na mashine sita, na chai ya maziwa iliyoletwa asubuhi ikanywewa baridi kwa sababu hakuna aliyethubutu kusimamisha vidole. Kamera alinipa kaka yangu Talib, yeye akaichoka, mimi nikaishika kama mwenye njaa aliyeshika mkate. Nikipiga mvuke wa sufuria, nikipiga mabango ya maduka ya Hamriya yaliyopauka kwa jua, nikipiga kandambili mlangoni kwa watu wakati wa hitima. Mhariri wetu, Ustadh Khamis, alikuwa mtu wa ukoo uliotoka Bujumbura, Kiswahili chake cha bara tukikicheka chini kwa chini, lakini ndiye mtu pekee pale aliyeziona picha zangu akakaa kitako kuzitazama. Aliniita ofisini kwake, akaacha mlango wazi kama ilivyopasa. "Dada Nasra," akasema, "mpiga picha wetu anaondoka baada ya mwezi wa pili. Wakubwa hawajawahi kumpa mwanamke kazi hiyo, kwa hiyo ukija mikono mitupu sina la kuwaambia. Niletee kitu ambacho hakuna mtu mwingine hapa anacho." Nikamwambia kwamba Talib yuko Norwei, kaskazini kabisa, serikali imempeleka kusomea mambo ya samaki, na kwamba atakuja likizo kwa arusi ya Raya, na akirudi nitakwenda naye. Ustadh Khamis akavua miwani. "Kule kunakowaka mbingu?" akauliza. "Basi niletee hiyo. Hiyo ikitoka, kiti ni chako, nitapigana mimi mwenyewe."

Safari hiyo kwanza ilikuwa yetu wawili, mimi na Raya. Tulikuwa tukilala chumba kimoja kila Ijumaa, na tangu Talib aandike habari za anga inayocheza, tulikuwa tukipanga nguo tutakazovaa, tukibishana kama baibui juu ya koti au koti juu ya baibui. Kisha posa ikaja. Abdalla bin nani, mtu mzuri, mwenye kazi, mwenye nyumba, haikuonekana sababu ya kumkataa, na Raya mwenyewe alisema ndiyo kwa sauti ya kusikika. Usiku wa hina alikalishwa juu ya mto wa kijani katikati ya ukumbi wa mama yake, kanga za hariri, moshi wa udi, wanawake wote vichwa wazi na nywele zimemwagwa, asmini kila mahali. Mimi ndiye niliyepewa kupiga picha, maana mpiga picha wa kike wa kukodi alikuwa haaminiki, na mimi ni wa nyumbani. Raya hakutaka ile taa ya kamera imchome usoni, alisema inamfanya kama maiti, kwa hivyo nikanunua filamu ya kasi, ile isiyotaka mwanga mwingi, nikampiga kwa taa za ukumbini tu. Nilipokuwa nimepiga magoti mbele yake nilimsikia bibi mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Mmoja anaolewa, mmoja anakwenda kutazama barafu. Kila mtu na riziki yake." Wakacheka. Raya alikuwa ameangalia chini kama mwari anavyotakiwa, hakuinua uso. Nusu ya filamu ikabaki ndani ya kamera, na siku chache baada ya arusi nikapanda ndege nayo.

Sikumbuki kitu cha maisha yangu vizuri kama ninavyokikumbuka chumba cha Talib. Kilikuwa chini ya nyumba ya watu, dirisha lake liko usawa wa theluji, na lile bomba la joto ukutani lilikuwa halikosi soksi, zinakauka hapo mbele ya mkate na mbele ya msahafu. Jua halikutoka hata siku moja. Mama alikuwa akitupigia simu kuuliza, "Mnasali vipi, mchana wenu uko wapi?" na Talib akamweleza kwamba wanafuata ratiba waliyotumiwa na msikiti wa mji mkuu, na mama akasema haya, lakini kwa sauti ya mtu asiyeamini. Adhuhuri tuliisali giza limefunga. Tulikula samaki wao mkavu, mgumu kama ubao, Talib akimlowesha tangu asubuhi, kisha akimpika kwa tui la kopo na ndimu na pilipili aliyokuja nayo kutoka Maskati, na nyumba nzima ikinuka ng'onda mpaka mwenye nyumba akashuka kuuliza kuna nini, akaonjeshwa, akarudi na sahani. Nilikuwa na furaha. Naliandika hili wazi kwa sababu watu wa kwetu wakikumbuka ujana wao husema walikuwa na furaha kila siku, na mimi sikuwa, nilikuwa nayo wakati huo tu, katika chumba kile kilichonuka soksi na samaki.

Mawingu yalitufungia karibu safari nzima. Filamu nyingine nilizochukua zikaniaibisha, maana baridi ikizishika zinakuwa kavu, na nilipoivuta ya kwanza ikakatika ndani ya kamera kama biskuti, na nyingine vile vile. Iliyosalimika ilikuwa ya Raya, ile ya kasi, ile inayofaa giza. Jioni moja tumeshasali Isha, sahani hazijaoshwa, mwenye nyumba akagonga dirisha akaonyesha juu. Tukatoka mbio nyuma ya nyumba, kwenye ufuo ulioganda, Talib amebeba miguu mitatu ya kamera aliyoazima chuoni. Vidole havikuweza kushika saa, kwa hivyo nikipima muda kwa kusoma. Nikifungua jicho la kamera, nasoma Kulhuwallahu mara tatu kwa utulivu, nafunga. Nikisikia baridi inanikimbiza ulimi naanza upya. Na niseme kweli, nilichokiona kwa macho haya hakikuwa kijani. Kilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele, weupe uliochafuka, umetandazwa angani kisha unakunjwa, unakunjuliwa, unatetemeka pembeni. Nikalia. Talib akasema subhanallah, halafu akaniambia, "Wenzangu wanasema jicho halioni rangi usiku, filamu ndo inayoona. Wewe piga. Ukishasafisha ndo utajua umeona nini." Nikapiga mpaka filamu ikagoma mwisho.

Nilirudi Maskati na mke wa mwanafunzi mwenzake Talib, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Hamriya, kwa Bi Leela. Wanaokumbuka watakumbuka kwamba filamu yenye wanawake haikupelekwa studio ya njiani. Ilikuwa na mahala pake, kwa mwanamke, nyuma ya pazia, na Bi Leela, mama wa Kihindi mwenye miwani ya kufungwa uzi, alikuwa akisafisha arusi za nusu ya mji, akizitia ndani ya bahasha na kuipaka gundi mbele ya macho yako, ili ijulikane kwamba kati ya mkono wake na mkono wa bibi arusi hakuna aliyetazama. Picha za arusi ni amana ya mwenye arusi. Hata aliyezipiga hafungui. Nilipokwenda kuzichukua nilimkuta anatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akatikisa kichwa, akasema kwa kile Kiarabu chake cha dukani, "Zeen. Zeen wajid. Akhdhar." Nzuri. Nzuri sana. Kijani. Moyo ukanipaa. Bahasha ilikuwa bado wazi, na mkasi uko mezani. Akaniuliza kama anikatie za mwisho, zile za mbingu, anipe mbali.

Nikamwambia hapana. Nimelirudia neno hilo maisha yangu yote, nikiwa nakuna nazi, nikiwa kwenye foleni ya magari, nikiwa nimesujudu, Mungu anisamehe. Lakini yeyote aliyekulia nyumba zetu angesema vile vile. Filamu iliyokatwa ikifika kwa wakwe za bibi arusi, kuna mtu ataitia machoni na taa ataona haikutimia, na itaulizwa kipande kingine kina nani, kiko wapi, kinatembea mikononi mwa nani. Raya ana mwezi mmoja kwenye nyumba ya watu. Sikutaka apate neno kwa ajili ya mbingu zangu. Nikamwambia Bi Leela aifunge nzima, filamu na picha zake zote, akaipaka gundi, nikaipeleka kwa Raya mkono kwa mkono. Alinipokea chumbani kwake, kitanda kipya kingali na nailoni pembeni, harufu ya udi na rangi ya ukuta. "Za mwisho ni zangu," nikamwambia. "Nikatie wewe mwenyewe, uniletee. Kazi yangu imo humo." Akasema, "Haya, nikishatulia." Alijua. Nilimweleza habari ya Ustadh Khamis, ya kiti, ya mwezi wa pili, yote.

Akawa hatulii. Nikipiga simu wana wageni, nikienda amelala. Ustadh Khamis akawa ananitazama nikipita, haniulizi, ananitazama tu, na hilo lilikuwa baya kuliko kuuliza. Mwisho nikaenda bila kualikwa. Chetezo kilikuwa sakafuni, na juu ya makaa yaliyozimika kulikuwa na utando mweusi uliong'aa, umegandamana na udongo. Chumba kilinuka plastiki, wala ubani wote ule haukuifunika. "Khalas," Raya akasema, "nimezitia motoni. Abdalla hataki picha yangu ya kichwa wazi iwepo duniani."

"Na zangu?"

"Si zilikuwa mkanda mmoja?"

"Nilikwambia ukate. Nilikwambia kazi yangu imo humo."

Akawa anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja. "Nasra, si mbingu tu? Imekwenda wapi? Utakwenda tena utaikuta."

Sikwenda tena. Talib alimaliza masomo akarudi, na bila yeye hakuna aliyenipa ruhusa, kisha mama akaugua, kisha nikaolewa na mtu ambaye akisikia baridi anafunga madirisha. Ustadh Khamis nilimwambia picha zimeungua, akasema pole, na alikuwa anasema kweli, lakini huwezi kupigania mtu kwa pole. Kiti kikapewa kijana aliyekuja na picha za ngamia. Ngamia, na sisi tuko Oman. Mimi nikabaki na mashine yangu, kisha kompyuta, kisha nikapewa cheti na saa ya ukutani nikastaafu. Kamera niliiweka juu ya kabati mpaka kioo chake kikaota ukungu. Watu wakaniambia kipaji hakifi, na waongo hao ni wengi. Kinakufa. Kinataka kiti, kinataka filamu, kinataka mtu mmoja aseme huyu ndiye, na ukikinyima hivyo kinakufa kama kuku aliyenyimwa maji.

Yote hayo nikamlipiza Abdalla. Nilikuwa nikiitika salamu yake kwa pembe ya mdomo. Kila msimu alituletea tende za shamba lake, mwenyewe, ameendesha gari na jua lile, na nilikuwa nikizipokea mlangoni na kuwagaia majirani hata kabla gari lake halijapinda kona. Aliwahi kumuuliza mume wangu, "Binti ami yetu nimemkosea nini?" na mume wangu alipoleta swali nyumbani nikamwambia mwambie hakuna kitu. Alipofariki nilikaa msibani siku zote, nikapakua wali, nikaosha masinia, na jicho langu likabaki kavu, nami nikajiona nina haki.

Walipoondoka wageni Raya aliniingiza chumbani kwake akafunga mlango. Akajishusha juu ya kitanda taratibu, fimbo mapajani. Amezeeka vizuri kuliko mimi, uso wake bado una lile duara. "Umeuliza kipi," akasema. "Unakijua."

"Nnakijua. Nataka ukiseme."

"Zile picha. Abdalla hakusema kitu, Nasra. Abdalla hakujua kama zipo. Angejua angetaka azione, maskini, alikuwa mtu wa kupenda picha."

Nikamwambia sikusikia vizuri, na nilikuwa nimesikia.

"Nilifungua bahasha hapo ulipoondoka," akasema. "Zangu nilizipitisha tu. Nikakaa na zako. Siku nyingi, wallahi, nikifunga mlango nazitoa. Zilikuwa nzuri mpaka zinauma. Mie niko chumba cha watu, kila anayegonga anauliza nshabeba mimba, na wewe ulikuwa pale, umesimama chini yake peke yako. Safari ile ilikuwa yangu na mimi. Basi siku hiyo nikaona mmoja wetu akiikosa, tuikose sote. Zangu nikazitia pamoja, ili nipate la kusema." Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti. "Nimekaa nalo miaka yote. Siwezi kwenda nalo kule. Nisamehe."

Nilidhani hasira itakuja na haikuja. Kilichokuja ni yule mtu na gunia lake la tende, juani, ananiuliza jamaa hawajambo. Kisha kikaja kitu kingine, tamaa, tamaa ya kitoto kabisa. Bi Leela alikufa zamani. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekwisha kuona ilichokiona kamera yangu, na alikuwa amekaa mbele yangu. Nikamsogelea, nikamshika magoti yote mawili.

"Nieleze," nikamwambia. "Moja moja. Ya kwanza ilikuwaje?"

Raya akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Akafumba macho, nami nikangoja, na nilimwona anatafuta, kwa haki ya Mungu alikuwa anatafuta kweli. "Ilikuwa kijani," akasema.

"Kijani vipi? Imekaa upande gani? Imekunjika, au imesimama? Chini kulikuwa na barafu, ilionekana?"

"Kijani, Nasra." Akafumbua macho. "Ni zamani, ndugu yangu. Wallahi sikumbuki."

Nje Maya alikuwa akiita kwamba gari la kumpeleka kupimwa nguo za ihramu limefika. Raya hakugeuka. Alikuwa amenikazia macho, midomo imefunguka kidogo, anangoja neno lake. Nikamsaidia kusimama, nikampa fimbo, nikamwambia nimekusamehe, dunia na akhera. Akanikumbatia, akanibusu kichwani na mikononi, akaenda Makka ametua mzigo. Sikumsamehe.